Neno la Kuwaambia Ndugu wa Mgonjwa

Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu, Shangazi anarudisha funguo za chumba namba tisa, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwatafsiria ndugu wa wagonjwa barua za hospitali yetu. Kwa damu ni shangazi wa watu wawili tu. Sisi wengine tumejipachika undugu.

Kazi ilionekana rahisi. Daktari anaandika kwa Kiingereza, Shangazi anageuza, mimi nachapa. Lakini wee! Madaktari wana neno lao moja, siriasi, na wanalibandika kila mahali. Shangazi ndiye aliyepaswa kuamua kama ni ugonjwa mkali, hali mbaya, jambo zito au mtu mahututi. Mgonjwa aliyekuwa siriasi kuhusu kuacha sigara, Shangazi alimwandikia "amedhamiria", na mkewe akaja akicheka tangu getini.

Mwaka wake wa pili kazini, huruma ilimponza. Mgonjwa alikuwa anakaribia kukata roho. Yeye akachagua "hali yake si nzuri". Binti wa mgonjwa akaona bado kuna nafasi, akamalizia wiki yake kazini. Alipofika alikuta kitanda kimetandikwa upya. Shangazi hajajisamehe mpaka leo.

Tangu hapo hakuna barua iliyotoka bila kusomwa mbele ya mama wa usafi. Akiendelea kufagia, neno ni jepesi. Akikaa chini na kushika kichwa, limezidi. Akisimama na fagio lake na kuuliza saa za kuona wagonjwa, haya, posta!

Mwaka huu uongozi umeleta orodha: neno moja la Kiingereza, neno moja la Kiswahili, basi. Siriasi ni mahututi. Barua ya kwanza ya orodha hiyo ilimsifu muuguzi mmoja kuwa ni mfanyakazi mahututi, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha mama mmoja akapokea barua kuhusu mwanawe aliyevunjika mguu. Alifika hajiwezi, kashikiliwa na kaka zake, akamkuta kijana anacheza karata. Presha ilikuwa imeshampanda. Alilazwa wodi ya pili, na hajaongea vizuri tangu siku ile.

Shangazi alipanda kwa mkurugenzi mara tatu kuomba orodha ifutwe, au angalau mama wa usafi aendelee kusomewa. Aliambiwa orodha inaokoa muda. Mara ya tatu alishuka ngazi akilia, na kabla ya hapo sikuwahi kumwona akilia.

Hakuna atakayekalia kiti chake. Jumatatu mimi mwenyewe naanza kuchapa kwa orodha, maana nina watoto wanasoma, na nasema kweli, nimekata tamaa.

Shangazi, asante kwa kila barua uliyonirudishia mara nne ukanitoa jasho. Tunakutakia pumziko jema, wewe na wanao, na tunamwomba Mungu usije ukapokea barua kutoka kwetu.