Katiba ya Berlini na Maneno ya Lesikar

Mgeni rasmi, Bwana Mjumbe wa Bunge la Berlini. Bwana mchungaji, mwenyeji wetu. Wazee wa Kiarusha na wa Kimeru. Mama zetu mlioacha bidhaa zenu sokoni Ngaramtoni bila mtu wa kuziangalia ili mje kusikiliza:

Shikamooni nyote. Huyu aliyesimama mbele yako ni Naeku, mke wa Lesikar wa Lemara. Sisi wanafunzi arobaini na mmoja ndio tuliomchagua asome, na maneno ni yetu sote. Utamsikia akijitaja kwa jina kana kwamba anamsema jirani. Usishangae. Alituambia kwamba akisema "mimi" sauti itamkatikia, nasi tukakubali. Mwalimu wetu Sadoki atakutafsiria, na tumemwomba asipunguze neno.

MAKARIBISHO

Karibu sana Meru. Mlima umejifunika tangu asubuhi, tunakuomba radhi kwa niaba yake. Mvua iliyokulowesha njiani isikuudhi. Huku kwetu mgeni akiingia na mvua tunamshukuru yeye. Tunajua siku tatu juu ya nyumbu kutoka Moshi si mchezo, na pole ya mgongo. Maziwa ya mgando yapo, ndizi zipo, na mbuzi amekwisha chinjwa, kwa hiyo hata risala hii ikikuchosha hutaondoka na njaa.

SISI NI NANI

Sisi ni darasa la watu wazima. Wengine ni Waarusha wa huku chini, wengine Wameru wa kule migombani. Babu zetu waliibiana ng'ombe. Sisi tunaazimana vibao vya kuandikia. Tulianza na Injili, tukaja hesabu. Mwaka jana Mwalimu Sadoki, ambaye alikaa Berlini miaka miwili akifundisha Kiswahili, alifungua sanduku lake akatoa kitabu chembamba. Akasema, "Hiki ndicho kinachomfunga hata Kaisari." Lo! Tangu siku hiyo hakuna aliyekosa darasa la Jumanne.

TULICHOJIFUNZA

Mgeni rasmi, katiba yenu tumeipenda. Hatukupaki mafuta kwa mgongo wa chupa, tumeipenda kweli.

Tumejifunza kwamba ninyi si nchi moja, ni nchi ishirini na tano zilizokubaliana kukaa pamoja. Nyingine zina wafalme, nyingine zina watawala wadogo, na tatu ni miji mitupu isiyo na mfalme kabisa. Forodha, sarafu na manowari wakavifanya vya wote. Shule na makanisa, kila nchi ikabaki na yake. Wabavaria wakasema posta yao na kodi ya pombe yao hawavitoi, wakaachiwa! Mzee Elirehema wa kule juu aliposikia hilo alisimama akapiga makofi. "Hao ndio watu," akasema, "umoja wanautaka na pombe yao wameishika." Bwana mchungaji atusamehe, tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Baraza la nchi hizo lina kura hamsini na nane. Prusia, iliyo kubwa kuliko zote, ina kumi na saba, na nchi ndogo ambayo mtu anaivuka kwa miguu kabla ya jua kuchwa ina moja. Lakini wadogo wakikusanya kura kumi na nne tu za kukataa, katiba haibadilishwi, Prusia itake isitake. Wazee wa koo ndogo walitaka hilo lirudiwe, likarudiwa. Tena mtu akinyimwa haki katika nchi yake, akabisha hodi kila mahali asifunguliwe, baraza hilo ni lazima lipokee malalamiko yake. Si hiari, ni lazima. Hatukuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuandika jambo zuri hivyo kwa wino wa kawaida.

Kisha Bunge lako. Kila mwanamume aliyetimiza miaka ishirini na mitano anapiga kura, tena ya siri. "Na mwanamke?" Naeku aliuliza. Mwalimu akasema bado. "Basi hapo wamefanana na sisi," akajibu, na wanaume wakaangalia miguu yao.

Mwalimu alitusimulia siku alipokaa juu, kwenye viti vya wasikilizaji, akamwona mjumbe mmoja mwembamba akiwakaripia mawaziri wa Kaisari waziwazi kwa mambo yanayotendwa huku Afrika. Watu wakapiga kelele, kengele ikalia, yeye hakunyamaza. Alipomaliza akashuka, akaenda kunywa kahawa. Hakushikwa. Kwa nini? Kwa sababu imeandikwa kwamba mjumbe hashitakiwi kwa neno alilolisema barazani.

Hapo ndipo Lesikar alipoinua mkono.

"Hata akiudhi?" aliuliza.

"Hata akiudhi," akajibu mwalimu.

"Hata akimuudhi mkubwa kabisa?"

"Hata huyo."

"Na akirudia kesho?"

"Lesikar, kaa chini, imeandikwa!"

LILILOTUPATA

Bwana Mjumbe, Lesikar ni laigwanani. Rika lake lilimchagua awe msemaji wao, likamkabidhi rungu la heshima, na neno lake barazani ni neno la wote. Kwa hiyo aliposikia habari ya mjumbe wa Berlini alijiona ndani yake. Ni nani angemlaumu? Sisi sote tulimwona humo.

Kiangazi kilichopita mfereji wetu ulizibwa huko juu, penye shamba jipya la kahawa. Hatulitaji shamba, wala kituo ambako baraza liliitishwa, wala bwana aliyelisimamia. Hatukuja kusengenya, na wahusika wanajijua.

Asubuhi ya baraza Naeku alikuwa akisafisha kibuyu cha maziwa. Mumewe akatoka amevaa shuka jipya.

"Baba Nashilu," akamwambia, "una uhakika?"

"Mama Nashilu, nimeuliza mara tatu. Ulikuwapo."

"Hiyo sheria ya Berlini inajua Lemara iko wapi?"

Lesikar akacheka. "Bendera si ileile?"

Naeku akakiweka kibuyu chini. Aliitazama njia mpaka shuka jekundu likapotea kwenye mahindi yaliyokauka. Mpaka leo anajiuliza kwa nini hakulificha lile rungu.

Barazani Lesikar alisema hivi, na tunayanukuu yote maana si mengi: "Maji ya mfereji yaachiwe siku mbili kila juma. Mahindi yetu yanakufa, na aliyeyazuia hakumuuliza mtu." Bwana msimamizi akauliza nani amemtuma. "Watu wangu," akajibu, "nami kwa neno la barazani sishikwi. Ndivyo katiba ya Kaisari inavyosema."

Bwana alicheka kwanza. Halafu hakucheka. Lesikar alilazwa chini akapigwa viboko ishirini na vitano mbele ya rika lake, kisha akaingizwa kwenye mnyororo. Huu ni mwezi wa nne anavunja mawe ya barabara. Hakupelekwa kwa hakimu. Hakuambiwa kosa lake linaitwaje, wala siku adhabu itakapokwisha. Kila juma Naeku hupeleka maziwa. Askari hupokea kibuyu na kukirudisha kitupu, naye hajui aliyekunywa ni nani.

Siku ileile ya viboko tulimkimbilia mwalimu na kitabu chake. Tulikuwa na hasira naye, hatufichi. Akakifungua mwanzo kabisa, ukurasa wa kwanza ambao hatukuwahi kuusoma. Tuliuruka wakati ule kwa sababu ni majina matupu, nasi tulikuwa na haraka ya kufika penye utamu. Majina hayo, kumbe, ndiyo nchi ambazo katiba hii inazihusu. Mwalimu akasoma: Prusia, Bavaria, Saksonia, akaenda hivyo hivyo mpaka Hamburgi. Naeku akamwambia asome tena, taratibu. Akasoma tena. Meru haimo.

Mwalimu Sadoki alifunika uso kwa kitabu akalia, mtu mzima yule. Tulimsamehe. Aliyafundisha kama alivyoyaona, na alikuwa ameyaona kweli. Kosa la kuruka ukurasa ni letu sote, sisi arobaini na mmoja na Lesikar wa arobaini na wawili, ila aliyeadhibiwa ni mmoja.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, kuipenda katiba yenu hatujaacha. Kitu kizuri hakigeuki kibaya kwa sababu hakijakufikia. Wala hatuombi kuwa Wajerumani. Uarusha na Umeru vinatutosha. Linalotuuma ni kwamba vyote vilisafiri katika meli moja, na viboko vikapanda mpaka mlimani, katiba ikabaki Tanga bandarini.

Tunaomba Lesikar apelekwe mbele ya hakimu, ashitakiwe kwa kosa lenye jina au aachiwe. Hilo ndilo la kwanza, na kama una nafasi ya ombi moja tu, basi lichukue hilo.

Tunaomba mfereji ufunguliwe siku mbili kila juma, kama alivyosema.

Na tunaomba, utakaposimama katika Bunge lako, uyaseme maneno yake kama yalivyo. Usiyapambe. Kinywa chako kule kinalindwa, chake hakikulindwa. Mwambie na mwandishi aandike jina: Lesikar wa Lemara.

Tumebakiwa na jambo moja. Maneno ya mfereji yamesomwa hapa sasa hivi, hadharani, na kati ya waliosikia wamo askari walioshika pingu. Kwa hiyo lile kosa, kama ni kosa, limetendwa mara ya pili, na aliyelitenda kwa kinywa ni Naeku. Tulimkataza. Tulitaka asome mwanamume. Alituambia, "Mwanamume wangu amekwisha sema. Sasa ni zamu ya nyumba yake." Mtoto wake Nashilu amemwacha kwa bibi yake, na blanketi amelileta, ndilo hilo begani kwake. Kama Lesikar atatolewa leo, amfunike nalo mgongo. Kama hatatolewa, atalilalia yeye mwenyewe huko atakakopelekwa. Sisi wengine arobaini tumekuja bila blanketi, lakini tumesimama nyuma yake, kama unavyotuona, na hatutakaa mpaka utakaposema neno.

Mungu akurudishe Berlini ukiwa mzima, awape watoto wako maisha marefu, aipe mifugo yako majani, na akupe ujasiri kuliko aliotupa sisi.

Ni sisi,
Darasa la Watu Wazima la Jumanne, Waarusha na Wameru,
Lemara, mwaka 1910