Glavu Nyeupe Zisiguse Sanduku Langu

Sogeeni karibu, Eluned na Gethin, na mmoja wenu azime hiyo redio, maana pumzi iliyobaki sitaki kuigombania na mtu. Nyumba hii ni yenu wawili, hilo halina maneno; ninalotaka mlisikie ni la kesi, kwa sababu hiyo nayo mnairithi. Wakili ameniambia haizikwi pamoja nami.

Nilikuwa sajenti wa polisi, nikamwona mkubwa wangu akimpiga Dilwyn Prosser ndani ya seli, Dilwyn akiwa na pingu mikononi, nikasema nilichokiona, nikafukuzwa kazi. Baraza la kazi, linaloamua kesi za waliofukuzwa, likanipa haki. Polisi wakakata rufaa, na kule London jaji hakuuliza hata mara moja kama Dilwyn alipigwa. Aliuliza kama baraza lilieleza vya kutosha kwa nini liliniamini, akaona halikueleza, akaturudisha mwanzo, kwenye baraza. Hakuna aliyesema nimedanganya. Nimechoka, wanangu, kuzungushwa na watu wasiobisha hata neno langu moja.

Sasa Mkuu wao amemtuma kasisi wa kikosi, akakaa kwenye kiti hicho, akanywa chai yangu, akasema tukiifuta kesi na kunyamaza nitazikwa kiaskari, wenye glavu nyeupe wabebe sanduku na kofia yangu juu yake. Wanajua ninavyoitamani heshima hiyo. Nimeitamani tangu ujana, na ndiyo maana nina hasira.

Gethin, wewe uliniambia, "Baba, ulishinda mara moja, inatosha, pumzika." Basi mimi napumzika, na kesi nakuachia wewe. Eluned bado anavaa sare yao, asiingizwe humo. Wewe ndiye utakayesimama mbele ya baraza, na ahadi ya kunyamaza usiitie sahihi, hata wakikubembeleza vipi. Na wewe, Eluned, mama, usiivue sare kwa ajili ya hasira yangu. Ila siku ukiona nilichokiona mimi, sema.

Kofia iacheni kabatini. Sanduku mlibebe ninyi wawili na binamu zenu... niinulie mto kidogo... hivyo. Kisha nendeni kwa Dilwyn, mkamwombe naye ashike. Akikataa, msimlazimishe, ameshalazimishwa vya kutosha.

Mungu awalinde, wanangu, awape... nipeni mikono yenu. Dilwyn akikubali, ashike mbele. Watu wamwone.