Kiti cha Nice

SHOMARI: Haloo? Bwana mkubwa wa bandari, umepotea. Mambo?

CANDIDA: Haloo. Ni Shomari? Wa duka la vitu vya watoto?

SHOMARI: Eeh, Shomari wa Kariakoo. Kwani nani mwenzangu? Hii namba si ya Gaudens—

CANDIDA: Ni yake. Mimi Candida, mke wake. Mama Nice.

SHOMARI: Ah, shemeji. Habari za nyumbani? Sikupati vizuri, kuna mkokoteni umekwama hapa Mtaa wa Kongo, kila mtu anafoka. Huyo bwana mwambie kontena langu bado—

CANDIDA: Shemeji, una kiti cha mtoto cha gari? Kama kile alichochukua kwako.

SHOMARI: Vipo. Kile kimeharibika?

CANDIDA: Mikanda yake imekatwa.

SHOMARI: Imekatika?

CANDIDA: Imekatwa. Kwa kisu. Kuna muuza mananasi wa Buguruni aliikata ili amtoe mtoto.

(Honi kwa mbali.)

SHOMARI: Amtoe wapi, shem?

CANDIDA: Kwenye gari. Jumamosi. Gau alikuwa anakuja kunichukua kazini, Nice kafungwa nyuma. Lori likafeli breki pale kwenye mataa, likawagonga.

SHOMARI: Mtoto—

CANDIDA: Mzima. Ana mchubuko begani, basi. Yuko hapa anakula biskuti.

SHOMARI: Alhamdulillahi. Alhamdulillahi, shem. Sasa hebu mpe simu Gaudens mwenyewe, nimpe pole.

(Mtandao unakwaruza.)

CANDIDA: Tunampeleka kwao Rombo leo. Misa saa sita. Halafu gari lake linatangulia, sisi tunafuata na Noah ya Wilbert, mdogo wake.

SHOMARI: Gari lake...

CANDIDA: Eeh.

SHOMARI: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sikuambiwa, shem. Wallahi sikuambiwa.

CANDIDA: Wengi hawajaambiwa. Simu yangu wanayo mawifi, wanapokea pole. Nimechukua hii yake kwa sababu ndiyo yenye namba yako. Kwa hiyo kipo?

SHOMARI: Kipo. Kaa kwanza.

CANDIDA: Nimekaa. Tangu Jumamosi nimekaa. Wananiletea chai, nakunywa. Wananiambia nilie. Nitalia, lakini kiti kwanza.

SHOMARI: Nakusikia.

CANDIDA: Cha zamani nimekifuta vizuri. Nikafikiri labda fundi viatu angeshona mikanda—

SHOMARI: Hapana, shem. Kikishagongwa hicho basi, hata kama huoni ufa. Usikitumie tena. Kile kimeshamaliza kazi.

CANDIDA: Haya.

SHOMARI: Nice ana kilo ngapi sasa?

CANDIDA: Sijui. Gau ndiye alikuwa anajua.

SHOMARI: Sawa, sawa. Tutaona. Bado mnamweka anaangalia nyuma?

CANDIDA: Bado. Walikuwa wanamcheka, mtoto gani anasafiri kawapa watu mgongo. Juzi daktari akasema hicho ndicho kilichookoa shingo yake.

SHOMARI: Shem, siku aliyokuja kukichukua alikaa hapa dukani mpaka swala ya alasiri. Alikopa mfuko wa sukari kwa jirani, akaufunga humo ndani. Anafunga, anautikisa, anafungua. Nikamwambia, Gau, wewe mgumu kuliko watu wa forodha.

CANDIDA: Hakunisimulia hilo.

SHOMARI: Alifanya hivyo.

CANDIDA: Shemeji, hapa hawataki. Mama mkwe anasema Nice apakatwe, ni safari ya mwisho na baba yake, asifungwe kama mzigo. Wilbert anasema mbona askari hawamkamati mtu kwa hilo, wanaangalia mikanda ya wakubwa tu.

SHOMARI: Ni kweli hawakamati.

CANDIDA: Najua. Lakini mpaka Rombo ni mbali, na Wilbert hajalala. Nikisema mimi, wanasema ni msiba unaongea.

SHOMARI: Nyie mko wapi?

CANDIDA: Ilala, Mtaa wa Tabora. Utaona turubai.

SHOMARI: Nafunga duka, nakuja mwenyewe. Nitamwambia mama kwa adabu. Kiti nitakifunga kwa mkono wangu, nitakitikisa mbele yake. Kikicheza, nafungua naanza upya.

CANDIDA: Simu itakatika, salio lake linakwisha, nilisikia sauti ya mtandao ikisema wakati—

SHOMARI: Nitakupigia.

CANDIDA: Usipige. Ikiita, Nice anakimbilia kumtafuta baba yake. Ngoja... mama huyu hapa. (Sauti inasogea mbali.) Naam, mama. Naongea na wa kiti. Ndiyo, mama. Hapana. Hapana, mama, sitampakata. Wala wewe. Nisamehe. Kama kiti hakijafika, sisi hatupandi, mtatutangulia.

(Nyuma kuna watu wanaimba pambio.)

SHOMARI: Shem? Upo?

CANDIDA: Nipo.

SHOMARI: Amesemaje?

CANDIDA: Ameniangalia tu. Sasa amekaa chini, anamfuta Nice biskuti mdomoni.

SHOMARI: Amekasirika?

CANDIDA: Sijui. Anauliza... ngoja. Eeh, mama, unaweza. Kabisa. Anauliza kama akikaa pembeni ya kiti anaruhusiwa kumshika mkono.

SHOMARI: Mwambie njia nzima.

CANDIDA: Anasema njia nzima, mama.

(Simu inatoa mlio.)

CANDIDA: Inakata hii.

SHOMARI: Haraka basi, nisije kuwasumbua watu msibani. Nikifika nikifunge upande gani? Kwa dereva au—

CANDIDA: Katikati. Gau alikuwa anasema pembeni milango iko karibu, yeye daima anamweka kati—

SHOMARI: Haloo? Shem?

(Simu imekatika.)

SHOMARI: Katikati. Haya.