Wasifu wa Mwalimu Maximilla Stanislaus, na Ugonjwa Uliopitia Upande wa Baba

Padre, wazee wa hapa Murubona, walimu wenzake na wanafunzi wake, nanyi mliotoka Kibondo alfajiri: nimesimama kusoma habari za dada yangu. Kwa desturi yetu kazi hii ni ya upande wa mume. Sisi watu wa kwao mwanamke hukaa pembeni, tukapewa nafasi ya kutoa shukrani, tukala, tukarudi kwetu. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka nisome mimi, Ildefonce, mdogo wake anayemfuata, na shemeji yangu Kipriani ameridhia. Mtanivumilia. Tangu Jumanne nimekufa ganzi, na sauti itatoka kavu kama ya mtu anayesoma tangazo la mkutano wa kijiji. Si kwamba siumii.

Mwalimu Maximilla Stanislaus alizaliwa tarehe 14 Agosti 1970 katika kijiji cha Kumsenga, wilaya ya Kibondo, mtoto wa kwanza wa Mzee Stanislaus na Mama Esteri. Siku hiyo Mzee alikuwa amepeleka ng'ombe mtoni. Jirani alipomfuata kumwambia amepata binti, aliitikia kwa Kiha, "Ego, ni vizuri," akamalizia kwanza kuwanywesha wote. Mama amemkumbusha jambo hilo kila Krismasi, na kila Krismasi Mzee hujibu kwamba ng'ombe nao walikuwa na kiu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1979 hapo hapo Kumsenga, akamaliza la saba mwaka 1985. Alichaguliwa kuendelea na sekondari, akawa msichana pekee kijijini kwetu kuchaguliwa mwaka ule. Wapo waliomwambia Mzee kwamba kumsomesha binti ni kunenepesha ng'ombe wa jirani. Mzee hakubishana nao. Aliuza dume moja, akamnunulia sanduku la bati. Marehemu alimaliza kidato cha nne mwaka 1989, akasomea ualimu hapa Kasulu, akahitimu mwaka 1992.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa shule ya msingi huko Mabamba, mpakani. Baadaye alirudi chuoni kuchukua stashahada, na kuanzia mwaka 2003 alifundisha Biolojia katika sekondari ya kata hapa Kasulu. Alipofika kwenye mada ya urithi aliwaagiza wanafunzi wakaangalie nyumbani ni nani anayeweza kukunja ulimi na nani hawezi. Mtendaji mmoja wa kijiji alikuja shuleni akiwa amefura. Alisema mwalimu anawafundisha watoto kuwaamrisha wazee watoe ulimi nje. Marehemu alimwomba radhi kwa heshima zote, akampa kiti, kisha akamuuliza, "Na wewe, mheshimiwa, unakunja?" Mtendaji alifikiri kidogo, akatoa ulimi. Ulikunjika. Tangu siku hiyo wakawa marafiki, na leo ninamwona pale nyuma amevaa koti la kaki. Asante kwa kuja, mheshimiwa.

Tarehe 23 Septemba 1995 alifunga ndoa na Kipriani, fundi seremala, katika parokia hii. Mungu aliwajalia watoto watatu, Herieth, Claude na Nickson. Kipriani si mtu wa maneno. Jana nilimuuliza niandike nini kuhusu ndoa yao, akasema, "Andika kwamba tulikuwa tunaongea." Nimeandika.

Sasa nafika mahali ambapo kwa kawaida msomaji husema marehemu aliugua kwa muda mfupi, kisha hugeuza ukurasa. Dada alinikataza kusema hivyo.

Mwalimu Maximilla aliugua saratani ya titi. Oktoba 2012, akiwa anaoga, aligusa uvimbe mdogo usiouma katika titi la kushoto. Alidhani ni jipu, akaukanda kwa maji ya moto. Mwaka ulipogeuka alikwenda hospitali, kipande kikachukuliwa na kupelekwa Mwanza, na Februari 2013 majibu yakarudi. Machi alifanyiwa upasuaji huko Mwanza, kisha akapewa dawa zilizomnyoa nywele. Daktari aliyemhudumia, Elieth, mwenyeji wa Same, alimuuliza siku ya kwanza kama kuna mwingine katika ukoo aliyeugua hivyo. Marehemu alijibu kwamba mama yake ni mzima, mama zake wadogo ni wazima, na bibi mzaa mama alikufa kikongwe. Daktari akaandika kwamba hakuna. Mwaka 2014 dada alirudi darasani, nywele zikaota, tukasema Mungu ni mwema.

Desemba mgongo ulianza kumuuma. Januari mwaka huu tulirudi naye Mwanza, na picha ikaonyesha ugonjwa umeingia kwenye mifupa. Siku hiyo Daktari Elieth hakuwa na haraka. Alikuwa ameanza utafiti juu ya wanawake wanaopata saratani hii kabla ya kufika miaka hamsini, akamwomba dada ashiriki. Alichukua karatasi tupu, akachora ukoo wetu, duara kwa kila mwanamke na mraba kwa kila mwanamume. Alipomaliza upande wa Mama, kalamu yake ikahamia kwenye mraba wa Baba.

"Mwalimu, baba yako ana dada?"

"Alikuwa nao wawili. Walishafariki."

"Walifariki kwa ugonjwa gani?"

"Waliugua tu, daktari."

"Wakiwa na umri gani?"

Dada akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Shangazi Veronica aliolewa Mabamba, akafa mwaka 1988 akiacha mtoto anayetambaa. Shangazi Anastazia aliolewa Munanila, akafa mwaka 1999. Wote wawili hawakuwa wamefika hamsini. Tulikwenda kuwazika wote wawili, tukala, tukarudi.

"Mwaka juzi nilikuuliza kuhusu ukoo," daktari akasema, wala si kwa ukali.

"Uliniuliza ukoo, nikakujibu wa mama. Si ugonjwa wa wanawake?" Dada akaanza kucheka, akacheka mpaka mgongo ukambana. Akaniambia, "Ildefonce, ukoo ni wa baba, shamba ni la baba, mahari ni ya baba. Ugonjwa tu ndio tuliusingizia kwa mama." Alikuwa amewafundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba nusu ya mtoto hutoka kwa baba. Hospitali alijibu nusu moja tu.

Februari, akiwa bado anaweza kukaa kwenye gari, tulikwenda Mabamba kwa Mzee Bazilio, mume wa marehemu Shangazi Veronica. Alitupokea vizuri, akatutengea viazi na maharage. Dada alipomuuliza shangazi alikufa na nini, mzee aliweka sahani chini.

"Yewe mwana, miaka hii yote, ndiyo mnauliza leo?"

"Ndiyo, baba."

Akagusa kifua chake mwenyewe, upande wa kushoto. "Lilikuwa jeraha la ziwa. Lilitoa harufu, alikuwa anajifunga kanga mbili."

"Mbona hamkutuambia msibani?"

"Tungesema vipi? Mngesema tumemroga mtoto wenu. Ninyi nanyi hamkuuliza."

Hatukuuliza kwa sababu kwetu kumuuliza mkwe binti yetu kafa na nini ni kumwonyeshea kidole. Mabamba walisema pembeni kwamba ni husuda ya mpaka wa shamba. Munanila walisema ni mke mwenza. Kila boma lilikuwa na maelezo yake, na hakuna aliyeyaweka mahali pamoja. Binamu yetu Harerimana wa Munanila alithibitisha kwa simu: mama yake, Shangazi Anastazia, naye aliugua titi.

Ilibaki kumwambia Mzee. Mimi nilitaka tumwache. Dada akasema, "Nitamwambia mwenyewe, wewe utamtisha." Tulimkuta Kumsenga amekaa uani akichambua mbegu za maharage. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Oya," akakataa. "Mimi ni mwanamume. Sina maziwa. Nitatoaje ugonjwa wa maziwa?"

"Baba," dada akamwambia, "dume hatoi maziwa. Lakini wewe ukinunua dume unauliza nini?"

Mzee aliendelea kuchambua. Ni mfugaji, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Baada ya muda akajibu, "Ninauliza mama yake alikamuliwa kiasi gani."

"Basi ndivyo hivyo."

"Kwa hiyo ni mimi niliyekupa."

"Na wewe ulipewa, Baba. Hakuna aliyekuuliza kama unataka."

Mzee aliinuka akaenda zizini, akakaa huko mpaka jioni. Dada hakumfuata. Alichukua ungo, akamalizia zile mbegu.

Dada alitaka mambo haya yaeleweke, kwa hiyo ninayasoma kama alivyoniagiza. Daktari alisema mchoro wa ukoo hutia shaka tu, hauthibitishi. Damu yake ilichukuliwa katika ule utafiti ili vinasaba vichunguzwe nchi za nje, kwa kuwa kipimo hicho hakijafika kwetu, na majibu hayajarudi. Kama hitilafu ipo kwenye vinasaba vya Baba, basi kila mtoto wake, wa kike na wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, na anayeirithi anaweza kumrithisha mwanawe hata kama yeye mwenyewe hakuugua. Kuirithi si kuugua. Wapo wanaozeeka nayo. Lakini anayejua huanza mapema kwenda kuangaliwa na daktari kila mwaka, na akigusa uvimbe haukandi kwa maji ya moto. Hakuna aliyerogwa. Wa Mabamba na wa Munanila, dada amewaomba muwaache jirani na mke mwenza wapumzike.

Jana mchana wazee walikaa kuuliza kama maneno haya yasomwe. Mzee Majaliwa, kaka mkubwa wa Kipriani, alipinga, na alipinga kwa upendo, sitaki mumfikirie vibaya. Alisema, "Mkiyasoma hayo mbele ya watu, nani atakuja kumposa Herieth? Nani atawaposa mabinti wa Ildefonce?" Nina mabinti wawili, na mimi mwenyewe sijui nimebeba nini. Kipriani aliangalia chini. Herieth, ambaye ana miaka kumi na tisa na alikuwa anapita na chai, akasimama.

"Baba mkubwa, huyo atakayenioa bila kujua, atajua lini? Siku nikiwa nimelazwa kama mama?"

Mzee Majaliwa akapokea chai. Akasema, "Someni."

Kuanzia Aprili marehemu hakutoka tena kitandani. Alisahihisha madaftari akiwa amelala ubavu, mpaka mkono ulipokataa. Alipokea Sakramenti ya Wagonjwa tarehe 7 Juni. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 9 Juni 2015, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Mimi nilikuwepo. Nilifungua dirisha, nikafunga, nikafungua tena. Sijui kwa nini. Machozi hayajaja hadi sasa, na wanaojua mambo haya wanasema yatakuja siku nisiyoyatazamia.

Marehemu ameacha mume, Kipriani, na watoto watatu, Herieth, Claude na Nickson. Ameacha wazazi wote wawili. Ameacha mdogo wake mmoja, mimi, na mabinti zangu. Desturi ni kuishia hapo, maana watoto wa shangazi huhesabiwa kwenye nyumba za baba zao. Dada alisema wahesabiwe leo. Kwa hiyo ameacha pia binti wawili wa marehemu Veronica walioko Mabamba, na Harerimana na dada zake watatu walioko Munanila, na watoto wao wote. Nawaona mmekaa pembeni, upande wa watu wa kwao, kama tulivyokaa sisi mlipowazika mama zenu.

Mzee Stanislaus hawezi kusimama muda mrefu, ila ameomba maneno yake yachapwe katika wasifu huu na yasomwe kama alivyoyatamka. Nayasoma:

"Nimezika dada zangu wawili, sikuuliza. Leo namzika mwanangu, naye ndiye aliyeniuliza mimi. Wanangu wa Mabamba, wanangu wa Munanila, ugonjwa huu nadhani umepitia kwetu, kwa baba yangu au mama yangu, sijui. Msione haya kuja kuniuliza. Nipo Kumsenga, na kiti kipo. Njooni nikiwa bado hai."

Pumziko la amani liwe lako, Dada. Tumeuliza.