Barua Zilizokuja kwa Majina ya Zamani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Ushirika wetu wa Kakao, Mchungaji wetu pamoja na mama mchungaji, waheshimiwa wazee wenye vyeo vya koo mliotoka pande zote za kisiwa chetu cha Savai'i, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na nyinyi vijana mliojipanga karibu na nguruwe wa karamu mkidhani siwaoni: talofa, na karibuni Salelologa.

Nimepewa dakika chache. Mwenyekiti ananijua vizuri, ndiyo maana amekaa karibu na waya wa kipaza sauti.

Tumekuja kumuaga dada yetu Pelenatete Sefo, mtunza seva yetu ya barua pepe, anayestaafu leo. Nani kati yenu amewahi kumshukuru mtu kwa sababu barua imefika? Isipofika ndipo tunapomkumbuka. Tunamfuata hadi mezani kwake tumenuna, naye anatutazama juu ya miwani na kutuuliza kama anwani tuliiandika sawasawa. Kwa kawaida hatukuiandika sawasawa. Mimi mama huyu ameniumbua mara nyingi, na bado nampenda.

Kwa wasioijua kazi yake, nitaeleza kama alivyonieleza mimi, taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Barua ikitoka nje hubisha hodi kwanza kwenye seva. Seva huuliza: unatoka kwa nani, unamtafuta nani? Anayetafutwa akiwepo, barua inapita. Asipokuwepo, mtunza seva ndiye aliyekwisha kuamua mapema la kufanya: ifukuzwe pale pale mlangoni na mwenyewe aambiwe imekataliwa, au iingizwe ndani ikae kando, isubiri mtu aje kuitazama. Mambo ni hayo tu, na hayo tu yanatosha kumuumiza mtu au kumponya.

Sasa sisi hapa tuna jambo letu. Mtu akipewa cheo cha ukoo, jina lake la ujana tunaliweka kando. Mimi niliitwa Peniamina mpaka mvi zikaniota, na tangu siku niliyokuwa Taulevao hakuna aliyethubutu kuniita vingine, hata dada zangu ambao hawaniogopi kwa lolote. Ofisi yetu, kwa adabu zake, ikaona seva nayo ifundishwe adabu. Ikapendekezwa kwamba kila mwenye cheo, jina lake la zamani lifutwe kabisa, na barua zake zikataliwe mlangoni. Kwingine majina hufutwa kwa kusahauliwa. Sisi tulitaka kuyafuta kwa heshima. Isitoshe, katibu wetu Tavita alikuwa na hoja yake, kwamba majina ya zamani ndiyo yanayoandamwa na barua taka, za dawa za nguvu na za bahati nasibu ambazo hatukucheza. Tavita, usiiname, hoja yako ilikuwa nzuri.

Katika kikao kile aliyepinga ni Pelenatete peke yake. Kazi hii aliisomea Suva, kule Fiji, na kusema hakumpi taabu. Aliuliza, mtu wa mbali anayelijua lile jina moja tu, akifukuzwa mlangoni, nani atakayemwambia jina jipya? Tulibishana mpaka kakao ya kunywa ikapoa vikombeni. Mwisho tukamwambia haya, yafungulie majina hayo mahali pa kusubiri, lakini takataka zake utazichambua mwenyewe. Tulidhani atachoka. Basi kila Jumatatu baada ya sala alikaa akachambua, hii ya kutupa, na hii ya kutupa, na ile iliyoonekana kutoka kwa binadamu akampelekea mwenyewe bila kuifungua. Tulimtania sana. Tulimwita mama wa jalala, naye akatujibu kwamba jalalani kuna watu wenye heri kuliko sisi.

Wanaonijua wanajua nina binti, Sieni. Tuligombana kwenye msiba wa mama yake. Yalikuwa maneno ya uchungu, na kila mmoja wetu aliyabeba akaenda nayo. Yeye akaenda Australia, huko ndani, mji wa Mount Isa, akakata mawasiliano na ukoo mzima. Hakujua kwamba nimepewa cheo. Namba yangu aliyokuwa nayo ilizama baharini pamoja na simu yenyewe, hapo hapo kivukoni, na baadhi yenu mlicheka. Kilichombakia ni anwani ya Peniamina ya hapa ofisini, aliyoitumia zamani akiwa shuleni kuniomba nauli ya likizo. Kwa miaka mingi sikusikia neno lake. Jina lake nililikwepa hata mezani, nisije nikalia mbele ya wageni.

Jumatatu moja Pelenatete akanifuata kwenye mizani ya kakao. Hakutania.

"Mzee Taulevao," akasema, "kuna barua imekuja kwa jina lako la zamani. Naona imetoka kwa mtu."

Nikamjibu, kwa ukali wa mwenye cheo kipya, kwamba jina hilo halipo tena.

"Jina halipo, Mzee. Lakini wewe si upo?"

Nikaenda kuisoma. Iliandikwa hivi: "Baba, nimejifungua mtoto wa kike, na sina mtu wa kumwonyesha. Barua hii ikirudi, nitaelewa kuwa hunitaki. Sitakusumbua tena."

Mmesikia, ndugu zangu? Ikirudi. Kwa kanuni tuliyoitaka sisi, ingerudi dakika ile ile. Mashine ingemjibu mwanangu kwa niaba yangu, nami ningeendelea kupima kakao nikipiga mluzi, bila kujua kwamba mtoto wangu amebisha hodi na amefukuzwa.

Nikataka kumjibu hapo hapo. Pelenatete akavuta kiti, nikasema, yeye akaandika. Nilipofika mwisho nikaanza kutaja cheo changu kwa urefu wake wote. Akaacha kuandika, akanitazama tu. Nikamwambia basi, weka Baba.

Dada Pelenatete, wengine watakusifu leo kwa mitambo isiyozimika hata wakati wa kimbunga, na wana haki. Mimi nakushukuru kwa kutokuwa na haraka ya kukataa. Mwenyekiti amekubali kwamba mahali pale pa kusubiri patabaki kama ulivyopaweka. Na kuhusu nani atazichambua takataka za Jumatatu, msitazamane. Nimeomba kazi hiyo mimi, nimepewa.

Lipo moja la mwisho, dada. Barua yake uliitambua katikati ya takataka, lakini mwenyewe hujawahi kumtia machoni. Feri ya asubuhi imemleta. Ni yule pale kwenye nguzo ya nyuma, mwenye shada la maua mkononi na mtoto kiunoni.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa naomba mumpishe njia. Sieni, mwanangu, njoo mbele. Huyu ndiye aliyekufungulia mlango.