Malaika Thelathini na Mmoja na Orodha Safi

Risala ya Umoja wa Malaika wa Savusavu kwa Bi. Margaret Tolhurst, Mkurugenzi wa Mfuko wa Tolhurst, Auckland

Mgeni rasmi, Bi. Margaret Tolhurst, pamoja na wote uliofuatana nao, Mchungaji Epeli, wazee wetu, na ninyi mlioko nje mnaochungulia madirishani. Bula vinaka.

UKARIBISHO

Tunakukaribisha Savusavu kwa mikono miwili. Tumekuona ukivua viatu mlangoni bila kuambiwa, ukakaa mkekani, ukapokea bilo, yaani kifuu, cha yaqona, kinywaji chetu kichungu cha mizizi, na kukimaliza kwa mkupuo mmoja bila kukunja uso. Mwenyekiti wetu, Mjomba Dharam, alikuwa ameapa kwamba utaiacha nusu. Ameumbuka mbele ya watu na tumefurahi sana.

Katika barua yako ya mwezi uliopita uliuliza swali moja ambalo limetukaa kichwani: "Hawa watu thelathini na mmoja kwenye orodha ya wanahisa ni akina nani?" Hatukuudhika. Ni swali zuri, na sisi wenyewe tumewahi kujiuliza. Risala hii ndiyo jibu letu. Nasi tuna maswali yetu, kwa hiyo tunaomba utuvumilie.

HISTORIA

Umoja wetu ulizaliwa kwa kosa. Miaka minne iliyopita mtaalamu mmoja kutoka Suva alitaka kufanya semina kwa watu wachache wenye uwezo wa kuweka fedha zao katika biashara changa za hapa nyumbani. Watu wa namna hiyo, alisema, huitwa wawekezaji malaika. Akampa Mchungaji Epeli tangazo alisome kanisani. Mchungaji, ambaye siku hiyo alikuwa amesahau miwani, akasoma neno alilolitambua: "Jumatano saa nne asubuhi, katika ukumbi wetu, malaika watakuwepo. Wote mnakaribishwa."

Mgeni rasmi, walikuja watu mia mbili. Akina mama wa kwaya walivaa nyeupe tupu. Mtaalamu alikuwa amepanga viti kumi na viwili. Mjomba Dharam, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alifunga duka akaja naye.

"Dharam, wewe Mhindu umefuata nini huku?" aliulizwa mlangoni.

"Malaika washuke Savusavu, mimi nibaki nauza misumari? Hebu sogea huko!"

Mtaalamu alitokwa jasho, lakini hakukimbia. Alieleza kosa lilipotokea, watu wakacheka mpaka wakajifuta machozi, na wengi wakaenda zao walipojua hakuna mabawa. Thelathini na mmoja walibaki, kila mtu na swali lake. Nesi Ateca, aliyekuwa amestaafu mwaka huohuo, aliuliza kama malaika lazima awe tajiri. Mtaalamu akajikuna, akasema kwa kweli si lazima, ila awe mtu anayeweza kutoa kitu na asikione tena.

"Basi mimi nimefuzu," akasema Nesi. "Nimelea watoto sita."

Kisha mtaalamu akamuuliza kila mmoja wetu anatarajia kutoka lini. Alikuwa na maana ya kuuza hisa na kwenda na faida yake. Bu Makereta, bibi wa miaka sabini na tisa aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akamtazama kwa mshangao. "Mimi nikitoka humu nitatoka kwa jeneza. Wewe mwenyewe una haraka ya kwenda wapi?"

Tumekuwa tukikutana tangu siku hiyo, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, nyuma ya duka la Mjomba Dharam, tumekalia mbao ambazo hazijauzwa. Kanuni zetu ni mbili tu. Ya kwanza, hakuna kuleta fedha za karo, za msiba wala za kanisa. Ya pili, malaika hatoi fedha peke yake. Lazima aongeze kitu: banda, mashua, simu ya kumpigia mtu fulani, au masikio yake.

MAFANIKIO

Tuanze na lililotushinda, maana ndilo lililotufundisha. Kijana wetu Vilive alibuni njia ya kukodisha mashine za kukata nyasi kwa simu. Tulimpigia makofi tukamwezesha. Miezi sita hakupata mteja hata mmoja. Hapa kwetu mtu akihitaji mashine ya ndugu yake anasema "kerekere", yaani naomba, na anaondoka nayo. Atakodi ya nini? Sote tulilijua hilo tangu utotoni, na sote thelathini na mmoja tulilisahau siku tulipoona michoro mizuri ukutani. Vilive sasa anatengeneza vyungu vya miche kwa makumbi ya nazi, na wanunuzi wanamfuata kutoka Labasa.

Mafanikio yetu makubwa unayajua, maana ndiyo yaliyokuleta. Litia Vuniwaqa alirudi kutoka chuoni akamkuta bibi yake barazani akivunja mizizi ya yaqona karibu na sikio. Mzizi uliokauka vizuri una mlio wake. Ukiuuza mbichi unaota ukungu ghalani, na mkulima anarudishiwa gunia na aibu. Bibi yake, ambaye ndiye huyuhuyu Bu Makereta, hakosei. Litia akajiuliza: je, simu inaweza kufundishwa kusikia anachosikia Bu?

Aliweka simu barazani. Bu anavunja, anasema "bado". Anavunja, anasema "bado". Anavunja, anasema "tayari". Majogoo wakawika na kuharibu kazi ya wiki ya kwanza yote. Wiki ya tatu Bu akachoka.

"We Litia, mizizi yangu yote utaimaliza! Utakunywa simu?"

Hapo ndipo umoja ulipofanya kazi yake. Kila malaika alinunua hisa chache, akaleta mizizi yake mwenyewe, ya mlimani na ya pwani, minene na myembamba, akaivunja kwa mikono yake mbele ya ile simu. Mjomba Dharam hanywi yaqona kabisa, lakini alivunja gunia zima na kutoa banda lake lisilo na majogoo. Nesi Ateca aliandika kila "bado" na kila "tayari" kwa mwandiko wake wa wodini. Ndivyo programu ya simu ya Rogoca ilivyozaliwa. Maana yake ni "sikiliza", na leo wakulima wa visiwa vinne wanaitumia.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu ni moja, nayo iko katika kifungu cha tisa cha mkataba uliotutumia pamoja na barua yako. Tumekisoma mara nyingi. Kinasema kwamba ofisi ya Rogoca ihamie Auckland ndani ya siku tisini, na kwamba wanahisa wadogo wanunuliwe wote "ili orodha iwe safi".

Bei hatubishani nayo. Hatutakuficha pia kwamba kumi na mmoja kati yetu walinyoosha mkono wa kuuza, na mmoja wao ni Nesi Ateca, ambaye paa lake halijawa sawa tangu kimbunga. Bado anaongea nasi na sisi tunaongea naye.

Ila lile neno "safi" limetukwama. Tulikaa juu ya mbao za Mjomba Dharam tukaligeuza huku na huku. Orodha isiyo safi ina uchafu gani? Ni sisi? Au ni desturi ya kazi yenu tu, kama tunavyofagia uwanja kabla mgeni hajafika? Na je, mkulima wa Taveuni akileta aina ya mzizi ambayo simu haijawahi kuisikia, huko Auckland atauvunja nani, na nani atasema "bado"? Tunauliza kwa sababu hatujui, na tungependa sana kujua.

Tumejiuliza pia Litia anataka nini. Hajatuambia. Aliwahi kumwambia Nesi Ateca kwamba haiogopi Auckland. Anachoogopa ni kwamba ataipenda.

Mgeni rasmi, dada anayekusomea risala hii ndiye Litia. Tulimwambia katibu amepatwa na mafua. Katibu ni mzima, ndiye yule anayejificha nyuma ya nguzo. Kurasa hizi Litia hakuonyeshwa kabla ya leo.

Litia, usiruke aya. Nesi hakukutunzia siri, msamehe. Kunywa maji, halafu endelea.

Hatukufanya hivi kukuaibisha. Kwa mwezi mzima umekuwa ukizunguka nyuma ya duka ili usikutane na macho yetu, nasi tumekuwa tukinyamaza ili tusikuelemee, na mji huu ni mdogo mno kwa ukimya wa watu thelathini na wawili. Ukienda tutalia, kisha tutakufungia mihogo ya njiani. Ukibaki tutakuchosha kama zamani. Tunachoomba ni kusikia kwa kinywa chako.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kwako tunaomba mambo machache. Utueleze, kwa maneno ya kawaida na bila haraka, orodha safi ni nini. Ukifikirie upya kifungu cha tisa, ili anayetaka kuuza auze na anayetaka kubaki abaki. Wenzetu wa Labasa na Taveuni wameanza kukusanyika kama sisi, bila mtaalamu na bila kwaya; tunaomba uwatembelee, uwaambie ulichokiona hapa, hata kama hukukipenda.

La mwisho, swali lako ulilotuuliza, nasi tunakuuliza: kwenye mfuko wako kuna watu wangapi, ni akina nani, na huwa mnakutana mkakalia nini?

HITIMISHO

Tunakushukuru kwa kuja mwenyewe badala ya kutuma barua ya pili. Mungu akulinde baharini na angani, aibariki kazi ya mikono yako, na akurudishe kwetu siku moja bila mkataba, uje kula mihogo iliyochemshwa kwenye chemchemi yetu ya moto.

Ni sisi, wenye orodha ndefu,
Umoja wa Malaika wa Savusavu.

Mstari unaofuata tumeuacha mtupu. Si wetu. Litia, kalamu iko mfukoni mwa Mjomba Dharam. Jaza, kisha usome.

*Mgeni rasmi, siku utakapoanza kusafisha orodha, anza na jina langu, maana mimi nabaki na hawa. Bu, umesikia? Tayari, au bado?*