Bwana Subiri na Kompyuta Yenye Mifumo Miwili

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Huo ndio muda ambao mkuu wa masjala ya hospitali yetu, tunayemwita Bwana Subiri, amekalia kiti kile kile chenye mto wa kijani. Ijumaa hii, tarehe 28, anakiacha. Mto anaondoka nao, ameshatuarifu.

Alianza kama mpeleka mafaili, akawa karani, kisha mkuu. Jina la Subiri lilitokana na daftari lake. Yeyote anayetaka kugusa kitu masjala, awe daktari au mfagizi, huambiwa, "Subiri kwanza. Andika unachotaka kufanya, halafu tuone." Mganga mkuu mwenyewe yumo humo: "Naomba kuazima stepla." Ilirudi siku hiyo hiyo.

Sasa niingie mimi, fundi wa kompyuta. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini kompyuta nazijua kuliko waliomaliza, na hilo silisemi mimi, analisema dada wa mapokezi. Miaka miwili iliyopita uongozi ulinituma masjala kuweka mfumo mpya wa kuendesha kompyuta ya mzee. Ndani yake kulikuwa na rejesta ya kila mtoto aliyezaliwa hapa tangu mzee aajiriwe, na programu yake ilikubali mfumo wa zamani tu. Vitabu vya karatasi vilishaozeshwa na bomba lililopasuka stoo. Nakala nyingine hakuna. Hayo sikuyauliza. Fundi hodari atauliza nini?

Nikachomeka flashi yenye mfumo mpya. Kompyuta ikanipa njia mbili: kufuta diski yote, au kuweka mfumo mpya kando ya ule wa zamani. Nikachagua kufuta, maana ni haraka. Kidole kikiwa njiani nikasikia, "Subiri kwanza, mwanangu," na daftari likatua juu ya kibodi. Nikaandika kwa mbwembwe: "Nitafuta diski yote." Akasoma, akavua miwani, akauliza kwa upole, "Yote, pamoja na wewe?"

Akaniambia nitoe flashi niwashe upya. Akafungua rejesta, akanionyesha mstari wangu: mvulana, kilo mbili na nusu, analia bila sababu. Dada wa mapokezi alikuwa mlangoni. Tangu siku hiyo naitwa Kilo Mbili.

Basi nikaigawa diski, nikaweka mifumo yote miwili. Ukiwasha, inatokea orodha, na una sekunde kumi za kuchagua. Ukichelewa, nilivyopanga mimi, unaingizwa mfumo mpya. Na mzee, tunavyomjua, akishawasha kompyuta huenda kuchemsha chai. Sekunde kumi hazimtoshi hata kutafuta sukari. Kila asubuhi tukamkuta kwenye mfumo mpya, kikombe mkononi. Baada ya mwezi alikuwa akiwafundisha makarani, na rejesta nzima akaihamishia huko kwa mkono wake, mtoto mmoja mmoja. Mimi nikazunguka kila idara nikijigamba kwamba nimemfundisha mzee kwa hila.

Juzi nimetumwa tena, niuondoe mfumo wa zamani kwa kuwa mwenyewe anastaafu. Nikawasha. Orodha ikatokea. Zikapita sekunde kumi, ikapita dakika, haikwenda popote. Nikafunua daftari. Wiki ya pili tu baada ya kazi yangu, mwandiko wake: "Nimeondoa sekunde kumi za kijana. Maelekezo aliyasahau mezani." Kumbe miaka yote miwili ameuchagua mfumo mpya mwenyewe, kila asubuhi, chai ikiwa imeshaiva. Nami nilikuwa nikitamba.

Hata majina ya kwenye orodha ameyabadilisha. Juu, mfumo mpya: Kilo Mbili. Chini, wa zamani: Mzee.

Nimeandika daftarini: "Sijaondoa kitu." Uongozi ukiwa na neno, waje waandike kwanza.

Asante, mzee wetu, kwa kila mstari ulioutunza, ukiwemo wangu. Tunakutakia asubuhi ndefu, chai ya moto na afya tele, na asitokee mtu wa kukuwekea sekunde kumi.